MGB na koni za hewa: nilichojifunza kwa kupima

Mkuu, umeuliza kama ukitoa yale makopo mawili ya chujio la hewa yaliyokuja na MGB yako, ile gari ndogo ya michezo ya Kiingereza, ukafunga koni za wazi (chujio za umbo la koni zisizo na kopo) utaongeza nguvu kiasi gani, na kama kabureta, zile zinazochanganya hewa na petroli, zitahitaji kuguswa. Kwa kifupi, utapata mlio. Nguvu ni habari nyingine, na kabureta utazigusa upende usipende.

Yangu ni ya 1969, injini ile ile ya cc 1,798, kabureta mbili za SU aina ya HS4. Koni nilizifunga jioni moja, kazi ya chini ya saa nzima. Asubuhi nikakanyaga mafuta, nikasikia ule mvumo wa hewa ikifyonzwa, nikacheka peke yangu. Wiki nzima kila niliyekutana naye nilimwambia gari imebadilika. Basi rafiki yangu mmoja, mtu asiyeamini kitu mpaka akipime, akasema twende kilimani. Gia ya tatu, kutoka kilomita 60 hadi 100 kwa saa, simu inarekodi dashibodi. Tukapima na koni, tukarudisha makopo ya kiwandani, tukapima tena.

Makopo yalishinda.

Nilikataa kuamini, nikarudia mara tatu. Mwisho nikavua koni tena na kukaa chini nikaangalia vizuri, ndipo nikaona ujinga wangu. Ukitazama mdomo wa kabureta ya SU, pale kwenye uso inapofungwa chujio, utaona matundu mawili madogo upande wa juu. Watu wengi huyapita bila kuyaona. Yale ndiyo yanayopeleka hewa ya kawaida chini ya pistoni ya kabureta, ili mvuto wa injini ulioko juu yake uweze kuinyanyua. Gasketi ya chujio nayo imetobolewa matundu ya kulingana nayo. Ya kabureta ya mbele niliifunga sawa. Ya nyuma niliifunga juu chini, ikaziba karibu nusu ya matundu. Kwa hiyo pistoni moja ilikuwa inapanda kwa uhuru na mwenzake anapanda kwa kusuasua, na mimi huku natamba kwamba gari imechangamka. Sikio ni shahidi wa uongo kabisa kwenye mambo haya.

Kwa hiyo kabla ya yote, fanya hivi. Chujio likiwa nje na injini imezimwa, inyanyue pistoni kwa kidole hadi juu, kisha iachie. Itapanda kwa uzito kidogo kwa sababu ya ile oili ya kwenye kikombe cha juu, lakini kushuka inatakiwa ishuke yenyewe na mwisho usikie "klak" ya chuma kugusa chuma. Isipolia, kuna uchafu au sindano (ile iliyo chini ya pistoni inayopima petroli) haikukaa katikati, na koni ya aina yoyote haitakusaidia.

Nikageuza gasketi, tukarudi kilimani. Sasa koni na makopo zikatoka sare. Injini ya ukubwa huu ikizunguka mara 5,500 kwa dakika, hata ikijaza silinda asilimia 85 tu, inavuta kama lita 4,200 za hewa kila dakika. Ni nyingi, lakini makopo yenye karatasi safi yalikuwa yakizipitisha bila upungufu ambao saa yangu iliweza kuuona. Kama injini yako haijaguswa ndani, tatizo haliko kwenye upana wa njia.

Tatizo ni joto, na hapa ndipo ningekushauri uweke hela yako. Fungua boneti utazame: kwenye injini hii hewa inaingilia na moshi unatokea upande ule ule. Kabureta zimekaa juu ya manifodi ya ekzosi, bomba linalokusanya moshi wa moto, katikati kuna bati la kukinga joto basi. Nilining'iniza kipimajoto cha waya karibu na mdomo wa kabureta ya nyuma. Nje ilikuwa nyuzi 24, na baada ya kutambaa kwenye foleni kilisoma 50 na ushee. Hewa ya nyuzi 50 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 20 kwa karibu asilimia 9. Unajaza silinda ile ile lakini oksijeni iliyomo ni pungufu, na hakuna koni inayorudisha hiyo.

Nilitengeneza kasha la bati la alumini linalozifunika koni zote mbili, mpira wa povu kwenye kingo lisipige kelele, na hosi ya milimita 75 inayotoka kasha hadi mbele, pembeni mwa radieta, kule hewa isikopita kwenye radieta kwanza. Makosa ya kasha la kwanza: lilikuwa finyu. Kifuniko kilikaa karibu mno na koni, hewa ikawa haina pa kugeukia. Kanuni ya mafundi wa zamani ni kwamba mbele ya mdomo wa kabureta pawe na nafasi wazi isiyopungua kipenyo chake, na mdomo wa HS4 ni milimita 38. Ndiyo maana vile vichujio bapa vya bei rahisi, vya sponji, mimi sivitaki. Kifuniko kinakaribia kubusu kabureta. Kasha la pili nililipanua, na chini nikatoboa tundu dogo la kutolea maji. Mdomo wa hosi usiuelekeze chini barabarani. Dimbwi moja tu la maji linatosha kuua injini.

Sasa kabureta. Ukipunguza kizuizi mbele yake, ule mvuto unaonyonya petroli kwenye jeti, kitundu sindano inapoingia, unapungua kidogo, mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani petroli pungufu, hasa juu kwenye mizunguko mingi. Kwenye silensa, yaani injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta, rekebisha kwa nati ya jeti: inyanyue pistoni kama milimita moja hivi kwa kile kipini cha pembeni. Injini ikipanda na kubaki juu, mafuta ni mengi. Ikitaka kuzima, ni machache. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, umepata. Lakini nati inasogeza kila kitu kwa pamoja, silensa hadi mwisho. Kama silensa iko sawa na juu kukavu, dawa ni kubadilisha sindano, uweke iliyo nyembamba zaidi kuelekea nchani. Mimi nilichomelea kishikio cha sensa ya oksijeni kwenye ekzosi nikaona kwa macho: nikikanyaga hadi mwisho ilisoma zaidi ya 14 kwa 1, yaani uzito wa hewa kwa petroli, wakati injini iliyobanwa hivyo inataka 12.5 hadi 13. Ningeendelea kuendesha hivyo, vali ndizo zingelipa.

Baada ya kasha na sindano, kilima kile kile kilitoa tofauti ya kweli, ndogo lakini inayojirudia kila tulipopima. Ila kilichonifurahisha zaidi sikukitarajia. Zamani nikizima gari ikiwa ya moto na kurudi baada ya robo saa, ilikuwa inakorofisha kuwaka, petroli imechemka kwenye vikombe vya kabureta vinavyoihifadhi. Nilipolitengeneza kasha, bati la kukinga joto nalo nililivalisha kitambaa cha kuzuia joto upande wa ekzosi, na sasa inawaka mara ya kwanza. Nadhani hilo ni la kitambaa zaidi kuliko la kasha, kwa hiyo ukiwa na hela ya kitu kimoja tu mwezi huu, anza na kitambaa. Makopo yako usiyauze.