Maswali ya Wasomaji: Joto la kuni mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika

SWALI: Nyumba yetu ya vyumba vitatu iko wilayani Makete, mbali na nguzo za umeme, na taa tunawasha kwa paneli mbili za sola. Juni na Julai tunaamka tukikuta sakitu kwenye majani, na usiku tunaota moto wa jiko la mkaa chumbani. Nakusudia kufunga boila la kuni, yaani chombo cha kuchemshia maji kwa kuni, na pampu ya kusukuma maji ya moto kwenye mabomba yatakayopita chini ya sakafu. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, anza usiku wa leo kwa kulitoa hilo jiko la mkaa chumbani. Mkaa unaowaka ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humuua mtu akiwa usingizini. Nakuomba usilisubirie hilo mpaka ujenzi uanze.

Kuhusu boila, ushauri wangu ni kwamba usianze nalo. Mfumo uliouchagua unategemea pampu, na pampu inategemea betri. Betri ikiishiwa nguvu saa nane za usiku, kuni hazizimiki kama taa. Zitaendelea kuwaka huku maji yakiwa yamesimama, yatachemka, na kwenye mwinuko wa mita 2,400 yanachemka mapema, kwenye nyuzi 92 hivi. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutanuka na kuwa zaidi ya lita 1,600, kwa hiyo boila lililofungwa pande zote lisilo na valvu ya usalama, ile inayoachia mvuke ukizidi, linaweza kupasuka na kuua.

Fedha ya kwanza ipeleke kwenye dari. Chini ya bati tupu, joto lote ulilolitafuta kwa jasho hupanda na kupotea, hata ungewasha moto mkubwa kiasi gani. Ziba pia nyufa za milango na madirisha, lakini acha tundu moja la kuingizia hewa karibu na jiko.

Baada ya hapo, jenga jiko la tofali za kuchoma kwenye ukuta ulio katikati ya nyumba, moshi upitishwe kwenye njia ya kupindapinda ndani ya tofali kabla ya kuingia kwenye bomba. Tani moja ya tofali iliyopandishwa joto kwa nyuzi 60 huhifadhi kilowati-saa 14 hivi za joto (kilowati-saa moja ni sawa na uniti moja ya umeme) na kuziachia polepole hadi alfajiri, ilhali moto wenyewe umezimika tangu mlipolala. Sehemu inayoguswa na moto ijengwe kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga, kwa sababu saruji ya kawaida huvunjikavunjika kwa joto kali. Bomba la chuma likae walau sentimita 45 kutoka kwenye mbao za kenchi, na lipande kupita kilele cha paa.

Kuni ndizo watu wengi huzidharau, nami naona ndipo mfumo hufaulu au huharibika. Kilo moja ya kuni kavu ina takriban kilowati-saa 4. Kilo ya kuni mbichi, ambayo nusu yake ni maji, ina 2 hivi, na moshi wake huganda ndani ya bomba kama lami, kisha siku moja hushika moto. Pasua miwati au milingoti yako, ipange chini ya paa pembeni wazi, uiache mwaka mzima. Ukitaka kujua kama imekauka, chukua vipande viwili uvigonganishe: vikavu hulia kwa mlio mkali, na ncha zake zina nyufa zinazoanzia katikati, vibichi hutoa mlio mzito, uliofifia.

Ikiwa baada ya msimu mmoja wa baridi bado utataka maji ya moto, weka tangi juu zaidi ya jiko, kwa kuwa maji ya moto hupanda yenyewe na ya baridi hushuka bila pampu, na tangi hilo liwe na bomba lililo wazi juu muda wote, lisiwekwe koki wala kizibo.