Nina milioni 130, nichukue Ranji au V8?

SWALI: Shikamoo kaka. Mi niko Arusha nafanya biashara ya nafaka, nimehangaika na Noah miaka yote hii sasa Mungu amejalia nina milioni 130 mkononi, nataka gari ya heshima ambayo pia itanifikisha shamba kule Mbulu hata masika. Nimepata Range Rover Vogue ya 2013 dizeli 3.0, jamaa anataka milioni 95, kadi bado ina jina la aliyemuuzia yeye. Upande wa pili kuna yadi wana Land Cruiser V8 ya 2012, milioni 130 hawashuki hata mia. Moyo uko kwenye Ranji maana na hela inabaki, shemeji yako anasema V8. Nisaidie.
Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba mdogo wangu na hongera sana, hiyo ni hela ya jasho ndo maana naomba tuongee taratibu. Hiyo Ranji ilipotoka kiwandani ilikuwa gari ya matajiri, leo bei yake imeshuka mpaka 95 ila bei ya spea zake haijashuka nayo, na hapo ndo watu wanapoumia, mtu ananunua gari kwa bei ya Prado halafu anatakiwa kuitunza kwa bei ya Ranji. Ile milioni 35 unayosema inabaki usiihesabu kama yako, ni ya gari.

Kwanza hiyo injini ya dizeli 3.0 inajulikana kwa tatizo la krankishafti (ule mhimili wa chuma unaozungushwa na pistoni) kukatika, na ikikatika huongelei matengenezo tena unaongelea injini nyingine. Sio kila moja inakatika, ila gari ambayo haina risiti za kubadilisha oili kwa wakati mi nisingeigusa. Pia ina mkanda wa taiming, muulize jamaa ulibadilishwa lini na akuonyeshe karatasi, maneno matupu hayatoshi. Pili gari inakaa juu ya mifuko ya hewa badala ya springi, na raba ya mfuko ikichoka inavuja, kompresa inafanya kazi mfululizo mpaka inaungua. Kuipima ni rahisi na hakuhitaji mashine: mwambie aipaki sehemu tambarare jioni, inyanyue mpaka kimo cha juu, izimeni, chukua futi ya fundi pima kutoka katikati ya tairi hadi kwenye ukingo wa bodi juu yake, tairi zote nne, andika. Kesho asubuhi kabla mtu hajafungua hata mlango rudia kupima. Ukikuta kona moja imeshuka kuliko nyingine ujue huenda kuna mfuko unavuja, na ukiamkia Mbulu kwenye tope gari imelala upande mmoja utatafuta fundi wa kwenda huko na hutampata.

V8 ni roho nyingine kabisa, fundi yupo kila mji na spea zipo, hata ukiamua kuuza wateja hawakosekani. Ila waulize yadi ilitokea wapi, maana V8 za soko la Japani za miaka hiyo ni petroli, injini ya 4.6. Ile dizeli ya 4.5 haikuuzwa Japani, kwa hiyo wakikwambia ni dizeli imetoka Japani simama hapo hapo uulize vizuri. Na petroli ya 4.6 inakunywa jamani, tanki kubwa na dogo kwa pamoja ni lita 138, chukua bei ya mafuta ya Ewura ya mwezi huu piga hesabu kabla hujasaini chochote. Halafu bima kubwa, kwa kawaida inazunguka asilimia 3.5 ya thamani kabla ya VAT, kwa gari ya 130 hiyo ni kama milioni nne na nusu kila mwaka. Sasa umemaliza hela yote yadi, hiyo inatoka wapi? Na tairi seti nzima je?

Mi kwa hali yako nisingechukua yoyote kati ya hizo mbili kwa bei hizo. Tafuta Prado 150 nzuri, njia ya Mbulu inapita bila wasiwasi na unabaki na akiba ya matengenezo bila kugusa mtaji wa mahindi. Kama shemeji kashikilia V8 basi kaeni na yadi washuke au subirini nyingine, hazijaisha.

Na hata iwe gari gani, usimlipe mtu ambaye jina lake haliko kwenye kadi. Mwenye jina aje mwenyewe, asaini mkataba, mkabadilishe umiliki TRA. Angalia kadi haina jina la benki, maana mkopo haufutiki kwa sababu wewe umenunua. Gari iliyoingia kwa msamaha wa kodi, za ubalozi au miradi, kodi ile inadaiwa ikishahamia kwa mtu asiye na msamaha, kwa hiyo ijulikane mapema nani anailipa.

SWALI: Kaka nataka kuagiza mwenyewe V8 Japani, ya zamani ni rahisi zaidi au inanidanganya? Msomaji, Dodoma

JIBU: Inadanganya kiasi. Gari ya zaidi ya cc 2000 inalipa ushuru wa forodha 25%, juu yake exsaizi (ushuru wa bidhaa) 10%, juu ya yote VAT 18%. Ikizidi miaka 10 inaongezewa exsaizi ya uchakavu 30%. Chukua mfano gari mpya kidogo ya dola 30,000 ikiwa imefika bandarini, kodi hizo tatu zinakuja kama dola 18,675. Kuukuu ya dola 20,000 iliyozidi miaka 10 inalipa 21,300. Yani imekuwa rahisi kule ila kodi inalipa kubwa zaidi, na bado kuna tozo ndogo ndogo sijaziweka. Na kumbuka TRA wana thamani zao, sio lazima wafuate invoisi yako, kwa hiyo pita kwenye kikokotoo chao kabla hujatuma hata shilingi. Omba pia cheti cha eksipoti, kinaonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa Japani, linganisha na za kwenye dashibodi.

SWALI: Bro yuko Dubai anataka kunitumia Lexus LX 570 yake nije kuitumia Nairobi. Itapita? Msomaji, Nairobi

JIBU: Za Dubai ni usukani wa kushoto, na Kenya gari ya kawaida ya usukani wa kushoto hairuhusiwi kusajiliwa. Hata ingekuwa wa kulia, ikipita miaka 8 haiingii, na petroli ya zaidi ya cc 3000 inapigwa exsaizi 35%. Mwambie aiuze huko huko akutumie hela.