Polisi akinitaka kitambulisho kwenye eneo la serikali, lazima nionyeshe?

Swali: Shikamoo wakili. Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi moja ya serikali pale Posta, namsubiri dada aliyeingia kufuata cheti. Polisi akaja, akataka kitambulisho. Sikuwa nacho. Akasema hapa ni mali ya serikali, kila mtu lazima awe nacho. Ni kweli? Msomaji, Tandika.

Jibu: Marahaba. Kwa hoja hiyo aliyokupa, hapana. Eneo kuwa la serikali hakumwongezei polisi mamlaka. Anachohitaji ni sababu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20 ya Sheria za Tanzania, inamruhusu kukuuliza jina na anwani akiwa na msingi wa kuamini kwamba unaweza kumsaidia katika upelelezi wa kosa. Jina na anwani, si kadi. Naye anatakiwa akueleze kwa nini anauliza, na ukimwomba, akutajie jina lake, cheo na kituo chake. Akishafanya hivyo, kukataa bila sababu ya maana ni kosa. Kudanganya pia ni kosa, na ndiko kunakowaponza wengi: mtu anababaika, anataja jina la shemeji yake.

Getini ni habari nyingine. Mlinzi anayedai kitambulisho kabla ya kukuruhusu ndani anaweka sharti la kuingia. Ukikataa, unabaki nje, basi. Awe wa kampuni binafsi au wa SUMA JKT, huyo si polisi. Ila yapo maeneo yaliyotangazwa kuwa ya ulinzi chini ya sheria nyingine, Sura ya 74. Huko mambo ni makali zaidi, usibishane. Dereva naye akidaiwa leseni na trafiki, aitoe.

Sasa tuongee kimtaani. Kumsomea askari vifungu barabarani mara nyingi huishia kwenye difenda, hata ukiwa na haki. Taja jina lako na mtaa unaoishi, kisha uliza kwa upole: "Afande, kuna shida gani?" Kama umeikariri namba yako ya NIDA, zile tarakimu 20, itaje, mara nyingi yanaishia hapo. Akikukamata, lazima akwambie kosa ni lipi. Kama huwezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, ulizia dhamana ya polisi, maana ukiacha makosa mazito, hiyo ni haki ya kudai. Na akikutaka ulipe "faini ya kitambulisho" palepale kwenye benchi, mwombe namba ya malipo ya serikali.