Nimeambiwa sina mbegu, mke wangu ndiye anayeitwa tasa: nioe wa pili?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Niko Tandahimba, mwaka wa sita wa ndoa hatujajaliwa mtoto. Baada ya kuuza korosho nilikwenda Mtwara mjini kupima, nikaambiwa kwenye manii yangu hamna mbegu hata moja. Mke wangu sijamwambia. Mama anasema mke ni tasa, na binti mwingine ameshaposwa kwa ajili yangu. Je, naweza kupata mtoto wa damu yangu? Na ndoa hii inafaa?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullah. Nianze na posa, maana ndiyo yenye haraka. Kuoa wa pili ni halali kwa mwenye uadilifu, lakini aliyepimwa ni wewe. Mkulima mwenye mbegu isiyoota akihama shamba na mbegu ileile, amehama bure. Tena huyo binti ana haki ya kujua. Imepokewa kwamba Umar bin Khattab, Allah amridhie, alimtuma mtu kukusanya zaka, akaoa huko naye hazai. Umar akamuuliza kama alimweleza mwanamke. Alipojibu hapana, akamwamuru akamweleze, kisha ampe hiari.

Swali lako nimelirudia kwa sababu ya neno moja: "sijamwambia". Kutozaa si dhambi. Dhambi ni kukaa barazani unasikia mwenzako akiitwa tasa, na cheti kiko mfukoni mwako. Mwambie leo. Mama si lazima ajue kila kitu. "Tatizo liko kwangu" yatosha. Na hilo neno tasa sisi tumewabebesha wanawake peke yao, ilhali Suratu Shuura, aya ya 50, inasema Allah humfanya tasa amtakaye, bila kutaja mume wala mke.

Matumaini yapo, ila sikuahidi. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuamrisha tujitibu. Kipimo kimoja hakitoshi; hurudiwa, na kabla yake hukaa siku 2 hadi 7 bila kutoa manii. Kisha daktari bingwa atafute sababu. Wapo ambao korodani zinatengeneza mbegu ila njia imeziba. Hao huweza kufanyiwa upasuaji, au mbegu zikachukuliwa kwenye korodani na kukutanishwa na yai la mke nje ya tumbo. Korodani zenyewe zikiwa hazitengenezi, kazi ni ngumu zaidi, ingawa baadhi hupatikana chache. Mweleze daktari kama uliugua matubwitubwi ukubwani, au kama una busha. Usione haya, sisi watu wa Kusini busha si geni kwetu.

Kutungisha mimba nje ya tumbo, baraza la fiqhi la nchi za Kiislamu lilipokaa Amman mwaka 1986 liliruhusu kwa dharura mbegu ikiwa ya mume, yai la mke, na ndoa ipo, kwa tahadhari zote zisichanganyike. Mbegu ya mtu wa tatu ni haramu, hata ya kaka yako. Najua zipo nyumba zinazomwita ndugu wa mume usiku, wazee wakanyamaza. Hiyo ni zinaa, wazee waibariki wasiibariki.

Dua ya Nabii Zakaria iko Suratul Anbiyaa, aya ya 89. Isome na mkeo, mkishazungumza. Posa isimamishwe kwanza, na hospitali mwende wawili.

Wallahu aalam.