Mleta uzi, usimkate rafiki yako kwa ajili ya sala

Mkuu, usimtumie rafiki yako huo ujumbe wa kuachana. Unasema kiongozi wako wa kiroho amekuambia kumpenda rafiki kiasi hicho ni kumpunguzia Mungu haki yake, na sasa unauliza umwache vipi kwa upole na upangeje ratiba ya kufunga. Usimwache!

Mimi niliambiwa maneno hayo hayo, nikatii. Nikaacha kupokea simu za mtu aliyenijua kuliko ndugu zangu wa damu. Mwanzoni nilijiona nimepaa, sala ndefu, machozi, utulivu wa ajabu. Kumbe aliyeondoka ndiye pekee aliyekuwa na ruhusa ya kuniuliza, "Hilo kasema Mungu, au ni hasira zako?" Bila yeye kila wazo nililipokea kama ufunuo. Kinyongo nikakiita karama ya kupambanua roho. Nikawavunjia watu heshima kwa jina la Mungu na hakuna aliyethubutu kunishika mkono.

Katikati ya hayo baba yake akafariki. Alinitafuta, hakunipata. Habari nilizisikia kwa watu baki, mzee ameshazikwa zamani. Mtu aliyekesha nami nilipofiwa, nikamwacha alie peke yake! Amenisamehe, tunaongea, lakini yapo mambo ya moyoni ambayo hanipi tena, na siwezi kuyadai.

Mwalimu wa kiroho aliyenipoteza bado ananikera. Alituhubiria kwamba watakatifu walimwendea Mungu peke yao. Wapi? Daudi alipokuwa anawindwa na Sauli, rafiki yake Yonathani alimfuata nyikani akamtia nguvu katika Mungu. Mtume Muhammad alipojificha pangoni wakati wa Hijra alikuwa na Abu Bakr, na Qur'ani inamtaja kama sahibu yake. Ananda, mwanafunzi wa Buddha, alipomwambia mwalimu wake kwamba urafiki mwema ni nusu ya maisha matakatifu, alijibiwa kuwa ndiyo maisha yote hayo. Hata Aelred wa Rievaulx, abati wa karne ya 12 huko Uingereza, mtu wa nadhiri na ukimya, aliandika kwamba marafiki wawili wakikaa pamoja anatumaini Kristo yuko kati yao, wa tatu. Mwalimu wangu hakuwa na rafiki hata mmoja, alikuwa na wafuasi tu, na mfuasi hakwambii umekosea.

(Kama rafiki anakupiga au anakuibia, hilo ni jambo lingine. Ondoka. Lakini wewe hujaandika hivyo.)

Sheria yangu ni moja: uamuzi wowote wa kiroho usioweza kumwambia rafiki yako ana kwa ana, usiuchukue bado. Kwa hiyo mtafute leo, mkae, mweleze alichosema kiongozi wako neno kwa neno, kisha nyamaza umsikilize. Akikasirika mwache akasirike, ila usinyanyuke kabla hajamaliza.