Akizimia Akikimbia, Pimeni Moyo Kwanza

Mtoto akizimia katikati ya mbio, akiwa anaogelea au akishtuliwa na mlio wa simu alfajiri, msikubali jibu la kifafa kabla hajapimwa umeme wa moyo. Mpwa wangu alimeza dawa za kifafa kwa muda mrefu, kumbe shida ilikuwa QT ndefu, ugonjwa wa moyo wa kurithi.

QT ni sehemu ya mchoro wa umeme wa moyo inayoonyesha muda ambao moyo unatumia kujikaza kisha kujiandaa kwa pigo lijalo. Jeni zinazotengeneza vijia vya potasiamu au sodiamu kwenye chembe za moyo zikiwa na hitilafu, maandalizi hayo huchelewa. Mapigo huweza kuvurugika ghafla, damu isifike kwenye ubongo, mtu akaanguka na hata kutetemeka. Ndiyo maana watu hudhani ni kifafa. Wenye hitilafu kwenye jeni ya KCNQ1 hupatwa zaidi wakikimbia au kuogelea, wa KCNH2 wakishtuliwa na sauti, na wa SCN5A mara nyingi wakiwa wamelala.

Dada yangu hajawahi kuzimia hata mara moja, lakini mchoro wake ulionyesha QT ndefu. Mzazi mwenye hitilafu hiyo ana uwezekano wa asilimia 50 kumrithisha kila mtoto. Kwa hiyo pimeni ukoo mzima, na waulizeni wazee kuhusu vifo vya ghafla: kijana aliyezama ilhali alijua kuogelea, au aliyelala mzima asiamke. Kwetu vifo vya namna hiyo vilisingiziwa uchawi, na majirani wakachukiana bure.

Majibu ya jeni yasomeni pamoja na daktari wa moyo. Maabara ikiandika kwamba mabadiliko yaliyoonekana hayajulikani maana yake, huo si uthibitisho wa ugonjwa. Mtoto asianzishiwe matibabu kwa karatasi hiyo peke yake. Hata wenye hitilafu iliyothibitishwa, wengi hawazimii maisha yao yote.

Mpwa wangu sasa anatumia propranololi, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, kila siku. Jambo linalotutaka tuwe macho zaidi ni dawa za kawaida zinazorefusha QT: erithromaisini, azithromaisini, flukonazo, kwinini, klorokwini. Malaria lazima itibiwe, msiogope tiba. Mwambieni daktari au mfamasia kuhusu QT kabla hajaandika chochote, naye atachagua dawa inayofaa.