Anavutiwa na wanaume, analewa na amekata tamaa: nimsaidieje?

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh. Mdogo wangu wa kiume amenifungukia kwamba tangu abaleghe anavutiwa na wanaume wenzake. Sasa anakunywa pombe kila siku, anameza valiamu ili apate usingizi, na amesema mara mbili kwamba afadhali asingezaliwa. Je, ulevi na huzuni vimeletwa na hali yake hiyo? Nimfungie ndani mpaka aache? Na je, nimwambie baba?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam wa rahmatullahi wa barakatuh, dada yangu. Hukumu ya tendo unaijua, na hukuniuliza hiyo. Ama linalopita moyoni, Mtume (s.a.w.) amesema Mwenyezi Mungu ameusamehe umma wake yale ambayo nafsi zao zinawazungumzia, maadamu hawajayatenda wala kuyasema (Bukhari na Muslim).

Swali la kwanza: hapana. Shirika la Afya Duniani liliiondoa hali hii kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990. Ni kweli watu wa hali hii hupatwa zaidi na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), ulevi na mawazo ya kujiua, lakini watafiti, akiwemo Ilan Meyer katika maandishi yake ya mwaka 2003, wanaeleza chanzo chake: hofu ya kujulikana, kudharauliwa, kukataliwa na watu wa nyumbani, hadi mtu akajichukia mwenyewe. Pombe huituliza hofu hiyo kwa saa chache, kisha huharibu usingizi na kuzidisha huzuni, naye huongeza kipimo. Anayemtukana au kumpiga "ili apone" anamwongezea kilekile kinachomnywesha. Kisomo, yaani kumsomea Qurani, ni kheri akikitaka mwenyewe. Kumfunga, kumchapa au kumnyima chakula kwa jina la kisomo ni dhuluma, wala hakubadilishi anavutiwa na nani.

Mtu mmoja aliletwa kwa Mtume mara kwa mara kwa ulevi, mtu mwingine akamlaani. Mtume akasema msimlaani, kwani anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake (Bukhari). Adhabu ya ulevi ilibaki palepale, na yule mtu hakutolewa miongoni mwa waumini.

Usimfungie ndani. Hapa nakuomba unisikilize sana, maana nia njema imeua watu. Anayekunywa kila siku akikatishwa ghafla, kutetemeka huanza saa chache tu baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege huweza kumpata ndani ya saa 48. Siku ya 2 au ya 3 wengine huchanganyikiwa, huona visivyokuwepo, hupata homa na jasho jingi, na hali hiyo huua. Valiamu iliyozoeleka nayo ikikatwa ghafla huleta degedege, na ikichanganywa na pombe huweza kuzima pumzi. Basi aende hospitali kabla hajaacha, aseme kiasi halisi cha pombe na idadi ya vidonge. Daktari anaweza kumpa valiamu hiyohiyo kwa kipimo kinachopunguzwa hatua kwa hatua, pamoja na vitamini B1. Usidhani amebadilishiwa kileo: hiyo ni tiba, na Mtume ametuamrisha tujitibu. Dawa za sonona huchukua wiki 2 hadi 6 kuonyesha nafuu, kwa hiyo asizitupe wiki ya kwanza. Ramadhani ikimkuta kwenye matibabu na daktari akaona funga itamdhuru, Suratul Baqara aya ya 184 inampa ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Sala asiiache: ulevi ukimtoka, asimame kusali.

Maneno yale ya kutozaliwa usiyapuuze. Muulize waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, na hasa akiwa ameshapanga njia au siku, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, na uondoe vidonge na sumu zilizomo nyumbani. Msomee Suratuz Zumar aya ya 53, inayowakataza waliojidhulumu kukata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Msomee kwa upole, usiigeuze mashtaka.

Kuhusu baba: ulevi mwambie, kwa idhini ya mdogo wako, kwa sababu matibabu yanahitaji gharama na mtu wa kukusaidia kumwangalia. Lile jingine ni amana aliyokupa wewe, usiitoe. Kijana aliyefichuliwa na kufukuzwa akiwa katika hali hii yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Baba akikuuliza kwa nini anakunywa, mwambie ana sonona na daktari anaitibu. Hapo hujasema uongo.